Sarafu za Mnanaa

Saa kumi na moja alfajiri nasimama katikati ya barabara,
kizibao cha manjano juu ya koti, koti juu ya sweta la marehemu baba,
kiganja wazi. Pennsylvania kulia kwangu,
New Jersey kushoto, na chini ya soli Mto Delaware
unasukuma mapande ya barafu, haulipi kitu.

Usitukane mamba kabla hujavuka mto, wasema.
Hapa mamba ni mimi, Arlene Vansickle,
dola moja na nusu kwa gari,
na kweli hawanitukani, isipokuwa Jumatatu.

Daraja lina wenyewe. Si la serikali.
Ukoo wa Hoornbeek walilijenga, mafuriko yakalibeba;
wakajenga tena, upepo ukalilaza ubavu;
mara ya tatu wakanunua vyuma kuukuu vya reli iliyofilisika
wakaviunga hapa, na sakafu wakatandika mbao.
Mbao husema. Gari dogo likipita
ni mtu anapekua droo ya vijiko.
Gari la mkate, radi.
Kibandani, nyuma ya kioo, hati ya kwanza imetundikwa:
bei ya nguruwe, bei ya farasi, bei ya nyumbu na mkokoteni,
na mstari mmoja ambao wino wake umekuwa rangi ya chai:
aendaye shule, aendaye kanisani, aendaye kuzika,
asitozwe.

Nawajua kwa mikono.
Muuguzi wa zamu ya usiku, kucha fupi, pesa tayari tangu konani.
Kijana wa kiwanda cha vioo, noti imekunjwa mara nane, ina joto.
Mwalimu Fenstermacher: kwani mwalimu haendi shule?
Miaka kumi na tisa tunabishana, na bado analipa.

Na Orville Quackenbush, fundi wa mabomba,
mkewe Thelma ubavuni, anamshusha kwenye duka la dawa ng'ambo.
Thelma ndiye mweka hazina. Sarafu zao za robo
alizitunza kwenye kopo la pipi za mnanaa,
sita kila asubuhi, akimpa Orville, Orville akanipa mimi,
na kiganja changu kilinukia hadi saa nne.

Februari likaja gari refu jeusi, nyuma yake gari la mabomba.
Hati ni hati. Nikateremsha mkono.
Mkono haukujua pa kwenda, nikautia mfukoni.

Jumatatu alikuja peke yake. Akanihesabia sarafu kumi na mbili.
"Za leo, na za siku ile."
Nikamwambia, Orville, maziko hayalipi.
"Thelma hakupenda deni," akasema, akatazama mbele.
Nikapokea. Daftarini nikaandika gari moja zaidi,
mhasibu wa akina Hoornbeek aulize akitaka.

Lakini kopo halina chemchemi.
Machi, nikaona anazitoa polepole.
Aprili akaanza kuzigusa na kidole gumba kabla ya kuniachia.
Mei akanipa noti ya dola tano, mpya, inanuka benki,
na hakuniangalia.

Sasa niseme jambo ambalo mhasibu asilisikie.
Tangu ile Jumatatu, kila sarafu yake
niliiweka kwenye kikombe changu chenye kifuniko,
na sandukuni nikatia yangu.
Sikuwa na mpango. Nilipenda tu ile harufu.

Dola tano, toa moja na nusu. Chenji: robo kumi na nne.
Nilifunua kikombe.
Akazipokea, akaondoka kwa mwendo wa kobe kama kibao kinavyoagiza,
vijiko, vijiko, vijiko,
halafu kimya.
Katikati ya daraja, mahali pasiporuhusiwa kusimama,
taa zake nyekundu zikawaka.

Nyuma yangu honi ya gari la mkate.
Nikainua mkono ule ule:
ngoja.